Alikuja, Alikujanga

Kuna neno ambalo wahariri wengi wa Kiswahili hapa Kenya hulikata kabla hawajamaliza kulisoma: alikujanga. Mwandishi ameandika, "Baba alikujanga Ijumaa na mkate." Faili inarudi na mstari mwekundu, na sentensi imekuwa, "Baba alikuja Ijumaa na mkate." Safi, sanifu, na hadithi imeharibika. Sasa tuna baba aliyekuja Ijumaa moja na mkate mmoja. Yule mwingine, wa Ijumaa baada ya Ijumaa, aliyewazoesha watoto kumngoja barabarani jua likizama, amefutwa na mtu aliyedhani anaondoa Sheng.

Nimeliona jambo hili katika hadithi za wenzangu wengi kiasi kwamba siwezi tena kuliita kosa dogo la uhariri. Ni kosa la kusoma. Mhariri ameona silabi isiyo kwenye kamusi, akaing'oa, wala hakujiuliza ilikuwa imebeba nini.

Ilikuwa imebeba wakati. Kiambishi hicho hubandikwa mwishoni mwa kitenzi kusema kwamba tendo lilikuwa desturi, lilijirudia, halina siku moja unayoweza kuitia duara kwenye kalenda. Anayesema ni uvivu wa vijana wa mtaani asikilize kwanza jinsi kinavyofanya kazi. Kina sheria. Ukikanusha wakati uliopo, irabu ya mwisho inageuka: siendangi, hasemangi, hanywangi. Na hapo, kusema ukweli, mtaa unaishinda Sanifu. Ukiniambia "Mjomba hanywi," sijui kama unamaanisha hanywi pombe maishani mwake au hanywi sasa hivi kwa sababu anaendesha gari. "Mjomba hanywangi" haina utata. Hu- ya Sanifu haiwezi kusaidia hapa, maana haina ukanusho wake yenyewe.

Wala si kitu kipya. Wanaisimu wa Kibantu, A. E. Meeussen akiwa mmoja wao katika kazi yake ya 1967, wanakihesabu kiambishi cha -ag- au -ang- kuwa mali ya mababu wa lugha zetu, kitu kilichokuwepo kabla Kimeru hakijaitwa Kimeru. Hapa Githongo wazee wanacho bado, -aga, mwishoni mwa vitenzi vyao kila siku, na Wakikuyu wanacho. Kiswahili cha pwani kilikiacha njiani. Kwa hivyo wakoloni walipokutana Mombasa mwaka wa 1928 wakaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanzishwa 1930 kukisimamia, kiambishi hicho hakikuwemo kwenye mzigo. Lakini watu wa bara walipokichukua Kiswahili walikirudisha, kila mahali kivyake. Kenya tunasema anakujanga. Tanzania bara utasikia "huyu jamaa ananipigiaga usiku." Goma, Bukavu na Lubumbashi ni -ka: anaimbaka. Nchi tatu, bila mkutano wowote, zimeziba pengo lilelile. Hiyo si ajali.

Nilisoma Kihispania mihula miwili kabla sijaacha chuo, na katika yote niliyofundishwa kilichobaki kichwani ni somo la nyakati mbili zilizopita. Mhispania akitaka kusema "alikuja" hana budi kuchagua. Vino: alikuja, mara moja, mlango ukafungwa nyuma yake. Venía: alikuwa akija, au alikuwa njiani anakuja, hatujui alianza lini wala aliacha lini. Darasa zima lililalamika kwamba ni ngumu. Mimi nilikuwa nafikiria, lakini si hiyo ndiyo -nga?

Tofauti ni kwamba kule uchaguzi huo unafundishwa, unatahiniwa, na waandishi wakubwa wanauchezea. Chukua Pedro Páramo ya Juan Rulfo, riwaya ya Mexico ya 1955. Kijana anafika mji wa Comala kumtafuta baba asiyemjua. Katika sentensi ya kwanza kabisa, kuja kwake kumewekwa katika wakati wa tukio lililokwisha, na kuambiwa kwake pia. Lakini kuishi kwa baba kumewekwa katika ule wakati mwingine, usio na ukingo. Baba alikuwa akiishi kule. Bado anaishi? Kitenzi hakisemi. Angetumia wakati wa tukio, msomaji angeshuku papo hapo kwamba maisha hayo yamekwisha. Kurasa chache mbele tunaambiwa baba alishakufa zamani, na kumbe kitenzi hakikutudanganya hata kidogo. Mlango wote wa riwaya umening'inia kwenye herufi chache za mwisho wa neno.

Ukitaka kuandika sentensi kama hiyo kwa Kiswahili unapata shida tamu. "Waliniambia baba anaishi hapa" ndiyo inayotoka mdomoni kwanza, kwa sababu sisi baada ya "waliniambia" huacha kitenzi kinachofuata kibaki katika wakati wa msemaji. Lakini hiyo inamweka baba hai waziwazi. "Baba aliishi hapa" inamzika au inamhamisha. "Baba alikuwa akiishi hapa" iko karibu zaidi, ila ina harufu kidogo ya "na sasa hayupo." Mtafsiri hapo anaweza kukaa na sentensi hiyo siku nzima, na ni sawa akae.

Sisi tuna kijana wetu wa aina hiyo pia. Kongowea wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya 1996 ambayo dada na kaka zetu waliisoma kwa ajili ya mtihani na wengine wetu tukaisoma kwa kupenda, anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Mama yake, mwimbaji wa taarabu, anakufa mapema. Ukiifikiria hadithi kama hiyo kwa upande wa vitenzi unaona kazi aliyo nayo msimulizi yeyote anayekumbuka utoto. Kifo cha mama ni tukio, kinapewa kitenzi kimoja na kinatosha. Kuimba kwake si tukio. Mtoto hakumbuki mama aliimba tarehe ngapi. Anakumbuka mama alikuwa akiimba. Msimulizi asiyetofautisha hayo mawili anamfanya mama awe amefanya mambo mawili tu duniani, ameimba na amekufa, na uzito ni sawa.

Mhispania ana mchezo mwingine ninaoupenda. Kitenzi chake cha kujua, katika wakati wa desturi, kinamaanisha alikuwa anajua tayari. Katika wakati wa tukio kinamaanisha aligundua. Neno moja, na kubadili wakati kunabadili maana. Hili Kiswahili kinalifanya vizuri sana, ila kwa silaha nyingine: -ka-. "Mama aliingia jikoni. Alijua." Hapa mama alikuwa anajua kitambo, ameingia na siri yake. "Mama aliingia jikoni. Akajua." Hapa ameona kikombe cha pili mezani. Hakuna neno lingine lililobadilika na una ndoa mbili tofauti.

-ka- ndiyo injini ya masimulizi ya Kiswahili tangu enzi za hadithi zilizosimuliwa barazani. Fungua hadithi za Unguja alizozikusanya Askofu Edward Steere na kuzichapisha mwaka wa 1870, au msikilize tu bibi yeyote wa pwani leo. Hali inawekwa kwanza: hapo zamani za kale palikuwa na mtu, alikuwa na watoto watatu. Halafu siku moja mambo yanaanza, na kutoka hapo ni akaenda, akamkuta, akamwambia, akakataa. Huhitaji kuambiwa kwamba sasa tumetoka kwenye desturi tumeingia kwenye kisa. Silabi zinakuambia.

Sasa soma hadithi zetu za mtandaoni, zile tunazotumiana usiku kwenye simu. "Aliamka. Alinawa uso. Alivaa viatu. Alitoka. Alimpigia Brayo." Hii ni taarifa ya polisi, bana. Inakosa tu nambari ya kitabu cha matukio. Kila tendo lina -li- yake, kila sentensi imesimama peke yake kama shahidi anayeogopa kusema zaidi. Chanzo chake nadhani si siri: wengi wetu tumesoma hadithi nyingi zaidi kwa Kiingereza, na Kiingereza kina wakati mmoja mkuu wa kusimulia, basi tunauhamisha mzimamzima na -li- inageuka kuwa mfuko wa kila kitu. Kilichoanza, kilichorudiwa, kilichodumu miaka kumi, kilichotokea mara moja saa nane mchana, vyote alifanya, alifanya, alifanya. Halafu mwandishi anahisi kuna kitu kimekosekana, kwa hivyo anaanza kunyunyiza chumvi: kila siku, kila mara, daima, mara kwa mara. Ukiona "kila mara" tatu kwenye ukurasa mmoja, jua kuna kitenzi kimenyang'anywa kazi yake.

Wengine wamekimbilia wakati uliopo. Anaamka, ananawa uso, anatoka. Inaonekana ya kisasa, kama filamu. Mimi inanichosha baada ya ukurasa wa pili, lakini hiyo ni ladha yangu.

Mtetezi wa Sanifu ana jibu, na jibu lake si baya. Atasema -li- inaweza kubeba desturi bila shida: "Zamani watu walisafiri kwa miguu" haimaanishi walisafiri siku moja. Kweli. Muktadha hufanya kazi. Na atasema Sanifu ina njia yake kamili ya kusema alikujanga, nayo ni "alikuwa akija." Kweli tena, na ni umbo zuri, lina mwendo wa kanga inayopigwa na upepo. Hoja yangu haiko hapo. Hoja yangu ni kwamba mhariri anayekata "alikujanga" haweki "alikuwa akija." Anaweka "alikuja." Anasahihisha umbo na kutupa maana, na analipwa kwa hilo.

Ngoja niweke mfano ulio mbali na ugomvi wetu wa mtaani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880, alitoka katika familia ya wafinyanzi. Kabla hajawa Siti tunayemjua alikuwa akitembeza vyungu mjini, akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo watu walianza kuijua. Mwaka wa 1928 alikwenda Bombay na kurekodi santuri, na zikauzwa Afrika Mashariki yote. Alikufa 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ukitaka kujua kwa nini mwanamke huyo alistahili kitabu, angalia vitenzi. Bombay ni tukio: alikwenda, akarekodi, akarudi. Vyungu si tukio. "Siti aliuza vyungu, alikwenda Bombay, alirekodi santuri" ni sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi na haielezi chochote, kwa sababu inatuambia kuuza vyungu kulikuwa kituo kimoja katika safari, kama kushuka Nkubu kununua soda. Miaka ya kutembea juani na chungu kichwani ndiyo iliyotengeneza koo lile. Wakati ule mwingine ndio unaoweza kuibeba miaka hiyo.

Kuna aina moja ya uandishi ambapo jambo hili linauma kuliko katika fasihi, nayo ni ile inayosomwa na watu wengi zaidi hapa kwetu kuliko riwaya yoyote: wasifu wa marehemu. Nimeandika kadhaa kwa malipo. Familia inakuja na karatasi, picha mbili na nambari ya simu ya mchapishaji mjini Meru, na wewe unapanga. Umbo ni lilelile kila wakati. Marehemu alizaliwa mwaka fulani. Alisoma hadi darasa fulani. Alibatizwa. Aliolewa. Alijaliwa watoto saba. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama. Aliugua. Alilala. Ukurasa mmoja na nusu, tarehe kila mahali, na ukimaliza kusoma unajua kila kitu kilichompata huyo mama na hujui alikuwa nani.

Nilikaa na familia moja iliyompoteza shosho wao, mchuma majani chai wa miaka mingi. Githongo ni nchi ya chai, msitu wa Mlima Kenya uko pale juu, asubuhi baridi inakukata masikio. Wakaanza kunipa tarehe, wakakwama. Ndipo mjukuu mmoja akasema, "Alikuwa anatuamshanga saa kumi, anatupikia uji, halafu anaendanga majani na giza." Chumba kikabadilika. Mwingine akadakia: bonasi ikilipwa alikuwa ananunuanga nyama, anagawanya mwenyewe, na mfupa mkubwa anampanga yule aliyelia mwaka huo kuliko wote. Mwingine: hakuwa anakaripianga mtu mbele ya wageni. Kila sentensi waliyonipa ilikuwa na -nga. Hawakuwa na tarehe kwa sababu hakukuwa na tarehe. Walikuwa wanamweleza mtu.

Niliandika yote, nikiweka "alikuwa akituamsha," "alikuwa akinunua," kwa sababu kijitabu kingesomwa kanisani na sikutaka ugomvi na wazee. Rasimu ikapita kwa kamati ya mazishi. Mtu mmoja mwenye kalamu na elimu akafupisha ili itoshe ukurasa. Ikachapishwa: "Marehemu alituamsha saa kumi asubuhi na kutupikia uji." Siku gani? Ulipoisoma ungedhani ni kisa cha siku moja kilichokatwa katikati, kwamba sentensi inayofuata itasema nyumba iliungua. Na sentensi iliyofuata ilisema aliugua mwaka wa 2016.

Sitaki kumcheka yule mtu wa kamati. Alifundishwa kama tulivyofundishwa wote, kwamba Kiswahili kizuri ni kifupi na kimenyooka, na insha yenye "alikuwa aki-" nyingi inamchosha msahihishaji. Lakini angalia kilichopotea. Familia nzima ilikuwa imepata, kwa mdomo, namna sahihi ya kumsema mtu aliyeishi kwa kurudia. Watu wa aina yake hawana Bombay yao. Hakuna mwaka ambao ukiutaja watu watasema aa, huyo. Maisha yao yote yako katika ule wakati usio na ukingo: kuamka, kuchuma, kupeleka majani kituoni, kurudi. Ukiwanyima wakati huo wanabaki na kuzaliwa, kuolewa, kuugua na kufa, mambo ambayo kila mtu anayo.

Kwa hivyo ninapobishana na wahariri kuhusu -nga sibishani kuhusu haki za Sheng. Katika mazungumzo ya wahusika vita vimekaribia kwisha. Majarida mengi sasa yanamwacha mhusika aseme anavyosema, na vizuri. Katika sauti ya msimulizi wa nafsi ya tatu, mimi mwenyewe natumia "alikuwa akija," na sioni hasara. Msomaji wa Tanga ataelewa, wa Meru ataelewa.

Shida iko katikati, kwa msimulizi wa nafsi ya kwanza. Kijana wa Imenti anayesimulia utoto wake kwa Kiswahili anachokiota usiku. Ukimpa "alikuwa akija" kila mahali unamvisha kanzu ya mtu wa Unguja, na inampwaya. Ukimpa "alikuja" umemnyang'anya kumbukumbu. Ukimwachia "alikujanga," mhariri wa Dar atakuandikia akuulize kama ulimaanisha "alikuwa anakujaga," na hapo angalau mtakuwa mnazungumza kuhusu kitu kimoja. Hadithi hiyo nimeituma mara tatu sehemu tatu tofauti. Imekubaliwa mara moja, kwa sharti kwamba vile vitenzi kumi na tisa virekebishwe. Niliomba wanionyeshe marekebisho kwanza. Yote kumi na tisa yalikuwa -li-.